Sherehe Nyumbani: Chakula cha Moto Kwanza, Hotuba Baadaye

Ndugu msomaji, siku hizi hata vijijini watu husherehekea siku ya kuzaliwa. Mtoto anatimiza mwaka mmoja, familia inakusanyika. Bibi anatimiza miaka 80, wana na wajukuu wanarudi kutoka mijini. Hilo ni jambo jema. Lakini tumezoea kusikia habari nyingine baada ya sherehe. Usiku watu wanatapika. Asubuhi zahanati imejaa. Watu wananong'ona kwamba kuna mtu ametia sumu kwenye chakula. Ndugu wanaanza kutazamana vibaya, na pengine bibi mmoja asiye na kosa anaitwa mchawi.

Mara nyingi hakuna aliyetia sumu. Sumu imetengenezwa na vijidudu ndani ya sufuria, wakati watu wanamsubiri mgeni rasmi.

Tuchukue mfano. Familia yako inataka kumfanyia bibi sherehe ya miaka 80. Umealika watu 100. Chakula ni pilau ya nyama ya mbuzi, na kitaliwa saa saba mchana. Wapishi wanaogopa kuchelewa, kwa hiyo wanaanza kazi usiku. Pilau inaiva saa kumi na moja alfajiri. Inafunikwa vizuri na kuwekwa kando. Saa saba inafika, lakini wageni wa mjini bado wako njiani. Wanafika saa nane. Sasa zinaanza hotuba. Baba mkubwa anaongea, mwenyekiti wa kitongoji anaongea, wajukuu wanaimba, zawadi zinatolewa. Watu wanakula saa tisa na nusu.

Hesabu mwenyewe. Kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa tisa na nusu alasiri ni saa kumi na nusu. Je, ndani ya sufuria kumetokea nini?

Mchele unatoka shambani ukiwa na vijidudu. Baadhi ya vijidudu hivyo vina ganda gumu. Ukichemsha wali, vijidudu vingine vinakufa, lakini hivi vyenye ganda vinabaki hai. Nyama nayo ina vijidudu vya namna hiyo. Chakula kikiwa cha moto sana, haviwezi kuzaana. Chakula kikiwa vuguvugu, vinaamka na kuanza kuzaana. Kijidudu kimoja kinaweza kuwa viwili kwa dakika 20 tu. Baada ya saa moja viko 8. Baada ya saa mbili viko 64. Baada ya saa tatu viko 512. Ikipita saa ya saba, kijidudu kimoja kimekuwa zaidi ya milioni 2.

Sasa ukubwa wa sufuria. Wali wa kilo moja ukiutoa motoni unapoa upesi. Wali wa kilo 15 haupoi hivyo. Pembeni unapoa, lakini katikati unabaki vuguvugu kwa saa nyingi sana, nusu siku au usiku kucha. Vijidudu vinapenda joto la namna hiyo. Ndiyo maana mama anayepikia watu sita kila siku bila tatizo anaweza kupikia watu 100 na wakaugua. Hakufanya uchafu wowote. Alipika mapema mno.

Wengine watasema, "Tutapasha moto." Kupasha moto ni vizuri, lakini hakutoshi. Vijidudu vya wali huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Vijidudu vinakufa, sumu inabaki. Mtu akila anaanza kutapika baada ya saa moja mpaka saa sita hivi. Vijidudu vya nyama huleta tumbo la kukata na kuharisha, mara nyingi baada ya saa nane mpaka kumi na mbili. Mtu mzima mwenye nguvu huweza kupona kwa siku moja au mbili. Mtoto mdogo na mzee wa miaka 80 hawana nguvu hizo. Huyo bibi mliyekuja kumpongeza ndiye aliye kwenye hatari kubwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, panga sherehe yako kwa kuanzia saa ya kula, kisha urudi nyuma. Chakula kikishaiva kisikae zaidi ya saa mbili bila moto. Kama mtakula saa saba, pilau iive saa sita na nusu. Mbuzi achinjwe alfajiri siku ile ile. Nyama ichemshwe asubuhi na ibaki ikitokota mpaka itakapoingia kwenye pilau. Kazi za usiku ziwe zile zisizoharibika: kuchagua mchele, kumenya vitunguu saumu, kutwanga viungo, kupasua kuni, kuteka maji.

Usipike sufuria moja kubwa mno. Ukikadiria gramu 150 za mchele kwa mtu mzima, watu 100 wanahitaji kilo 15. Pika masufuria mawili, na la pili liive nusu saa baada ya la kwanza. Hivyo waliochelewa nao watapata chakula cha moto. Sufuria lililoiva libaki juu ya makaa, na makaa mengine yapaliwe juu ya mfuniko. Ukifunua, mvuke utoke. Kama hakuna mvuke, chakula hicho kimeanza kuwa shamba la vijidudu.

Sasa tuseme juu ya hotuba. Hapa kamati nyingi za sherehe hushindwa, kwa sababu ya heshima. Wanaona aibu kuwapa watu chakula kabla mgeni rasmi hajafika. Sisi tunasema heshima iangaliwe kwa njia nyingine. Mtengeeni mgeni rasmi chakula chake kwenye sufuria la pili, na watu wale. Mtu aliyeshiba husikiliza hotuba vizuri kuliko mwenye njaa, na watoto hawatalia. Kiongozi akifika akute watu wanakula, atakaa na kula nao. Hatujasikia kiongozi aliyekasirika kwa kukaribishwa pilau ya moto.

Jambo lingine gumu ni wapishi. Kila ukoo una shangazi anayesifiwa kwa pilau. Je, shangazi akija ana kidonda kwenye kidole? Kidonda chenye usaha kina vijidudu, navyo huacha sumu isiyoondoka kwa moto. Aliyeharisha juzi naye asiguse chakula. Ni vigumu kumwambia mtu mzima asipike. Basi mpe kazi ya heshima. Mwambie, "Shikamoo shangazi. Leo tunaomba utusimamie. Wewe kaa hapa utuelekeze viungo, vijana ndio watakaoshika mwiko." Shangazi amebaki mkuu wa jiko, na kidonda chake kimebaki mbali na chakula.

Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, kwa sababu haipiti motoni. Nyanya na vitunguu vioshwe kwa maji yaliyochemshwa. Kisu na ubao uliokatia kuku mbichi usikatie kachumbari kabla ya kuviosha kwa sabuni na maji ya moto. Juisi nayo itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa. Barafu ya kununua inatengenezwa kwa maji usiyoyajua, basi iache.

Nyama inahitaji neno lake. Mnunue mnyama mzima na mwenye afya, na mumwite afisa mifugo aikague nyama kabla ya kupika. Asikudanganye mtu kwa bei nafuu ya mnyama aliyekuwa mgonjwa, au aliyekufa mwenyewe. Kimeta huua watu namna hiyo. Mwaka 2006 na 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliingia Kenya na Tanzania, na miongoni mwa waliougua walikuwamo watu waliochinja na kuchuna wanyama wagonjwa. Ugonjwa huo unaweza kumpata mchinjaji kabla hata nyama haijafika jikoni.

Na pombe ya kienyeji? Mwezi Januari 2015, katika kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walikunywa pombe ya mahindi baada ya mazishi. Watu 75 walikufa, na wengine zaidi ya mia moja waliugua. Mwanzoni watu wengi walisema ni nyongo ya mamba iliyotiwa ndani ya pombe. Aliyeipika hakuweza kuulizwa, maana naye alikufa. Baadaye wataalamu walichunguza pombe hiyo kwenye maabara. Waligundua sumu iliyotengenezwa na vijidudu vilivyoota kwenye mahindi. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Basi unga au mahindi yaliyolowa na kuota ukungu yasiingie kwenye pombe, wala kwenye ugali. Watu wengine husema, "Haya yameharibika, tuyapikie pombe." Maneno hayo ni hatari.

Maji ni lazima uyahesabu mapema. Watu 100 wakinywa lita mbili kila mmoja ni lita 200, yaani ndoo 10 za lita 20. Ongeza ndoo 5 za kunawa, ndoo 5 za kupikia, na ndoo 10 za kuosha vyombo. Jumla ni ndoo 30. Usiwaachie mama wawili kazi hiyo asubuhi ya sherehe. Vijana wenye baiskeli wapewe kazi hiyo jana yake. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yabubujike, au yatiwe dawa ya klorini kama maelezo ya kwenye pakiti yanavyosema. Yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko na bomba, watu wasichovye vikombe.

Watu wasinawe wote kwenye bakuli moja. Wa kwanza ananawa maji, wa ishirini ananawa uchafu wa wenzake. Mtoto mmoja apewe jagi amimine, na mwingine ashike beseni na sabuni. Karibu na choo funga kibuyu chirizi. Toboa tundu dogo kwenye dumu la lita tano, karibu na mdomo wake. Lining'inize kwenye mti kwa fito, ufunge kamba mpaka kwenye kijiti cha kukanyagia. Mtu akikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika bila kuguswa. Ning'iniza na sabuni pembeni. Na kama una choo kimoja, mwombe jirani mapema akuazime chake, ili watoto wasikimbilie kwenye migomba.

Wazee wetu wanayajua mambo haya. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya, na vyoo vingi sana vikachimbwa vijijini. Bibi wa miaka 80 leo alikuwa kijana wakati huo. Pengine alishika jembe. Itakuwa ajabu watu waharishe kwenye sherehe yake kwa kukosa mahali pa kunawa.

Kipindupindu nacho hupenda mikusanyiko. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Kama kuna kipindupindu karibu na kijiji chenu, muulize afisa afya wa kata kabla ya kualika watu. Akisema msubiri, msubiri. Siku ya kuzaliwa inaweza kusherehekewa hata mwezi ujao, na wazee wengi hata hawaijui tarehe yenyewe.

Watoto wachezee mbali na mafiga, na mtu mzima mmoja awe na kazi ya kuwaangalia hao tu. Mtoto akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, mafuta wala yai.

Sherehe ikiisha, kuna kiporo. Kila mtu anataka kumpelekea mgonjwa aliyebaki nyumbani. Kilichobaki juu ya makaa na bado kinatoa mvuke, gawa mara moja, na kiliwe jioni ile ile. Kilichokaa kwenye masinia tangu mchana, usimpe mtu, hata mtoto wa jirani. Tunajua inauma kumwaga nyama. Lakini mgonjwa ndiye mtu wa mwisho anayefaa kujaribiwa kwa chakula hicho.

Na kama, pamoja na yote hayo, mtu ameanza kutapika au kuharisha usiku, usingoje asubuhi. Mpe maji yenye chumvi na sukari. Pakiti ya ORS kutoka zahanati au dukani ni bora zaidi. Kama huna, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Tia sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha umpe tena polepole. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Akiwa na damu kwenye choo, au macho yameingia ndani, au amelegea, au anaharisha kama maji ya mchele, mkimbize zahanati, huku ukiendelea kumpa maji hayo njiani. Ukifika, mweleze mganga alikula nini, kilipikwa saa ngapi, kililiwa saa ngapi, na ni watu wangapi wengine wanaumwa. Usifiche kwa kuona aibu. Majibu yako yatamsaidia kujua wageni gani wengine watafutwe usiku huo huo.