KABLA YA KUIAMURU KOMPYUTA, SOMA DAFTARI LAKE

Hakuna kituo cha polisi kisicho na daftari la matukio, wala hakuna lindo la jeshi lisilo na kitabu cha makabidhiano. Askari anayepokea zamu husoma kwanza yaliyoandikwa na mwenzake: nani ameingia, nani ametoka, silaha ngapi zimo ghalani na mahabusu wangapi wamo. Likizuka lalamiko kuhusu mambo ya usiku, mkuu wa kituo hufungua daftari kabla hajafungua kinywa. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko mashine zote tuzitumiazo. Hata hivyo ndiyo inayohitajika zaidi mbele ya mashine mpya.

Leo sehemu kubwa ya kumbukumbu za ofisi duniani imo ndani ya kompyuta. Orodha za mishahara, majalada ya kesi na hesabu za vipuri hutunzwa katika mashine kubwa ziitwazo seva, na nyingi katika hizo huendeshwa kwa mifumo ya jamii ya Unix. Mfumo wa Unix ulianza kutungwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani. Ndugu yake ajulikanaye zaidi, Linux, alitolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland.

Askari aliyekabidhiwa seva ya namna hiyo amekabidhiwa ghala. Jalada la kesi likitoweka, mwenye hatia aweza kuachiliwa na asiye na hatia aweza kubaki rumande. Orodha ya mishahara ikiharibika, familia za kambi nzima hulala na wasiwasi. Kwa hiyo yafaa tuijue tabia moja ya mfumo huu: ni mtiifu mno. Mwenye mamlaka akitoa amri ya kufuta, mfumo hufuta. Kwa kawaida hauulizi mara mbili, na amri ya "rm" haina kapu la taka ambamo faili lililofutwa laweza kuokotwa.

UPO WAPI, NAWE NI NANI?

Yaliyotukia tarehe 31 Januari 2017 katika kampuni ya GitLab, inayowatunzia wataalamu wa kompyuta programu zao, ni funzo kwa kila msimamizi. Kampuni hiyo ilikuwa na seva mbili za kumbukumbu: moja kuu, na ya pili yenye kupokea nakala. Siku hiyo seva ya pili ilishindwa kwenda sambamba na ile kuu. Fundi mmoja akaamua kufuta saraka ya kumbukumbu katika seva ya pili ili kunakili kuanze upya. Usiku ulikuwa umeingia na kazi ilikuwa imemchosha. Amri aliyoitoa ilikuwa sahihi, lakini aliitoa katika seva kuu. Alitambua baada ya sekunde moja au mbili, akaisimamisha. Katika gigabaiti zipatazo 300, zilikuwa zimesalia 4.5 tu.

Kampuni yenyewe ilitoa taarifa ya wazi kwa ulimwengu, ndiyo maana twaweza kujifunza. Mojawapo ya marekebisho yaliyofuata lilikuwa jambo dogo sana: kubadili alama inayoonekana mbele ya fundi kabla hajaandika amri, ili ajue bila shaka yuko katika mashine ipi.

Mwanajeshi hafyatui risasi kabla ya kutambua shabaha. Msimamizi wa Unix naye anazo amri tatu fupi za kujitambua. Amri ya "hostname" humjulisha yuko katika mashine gani. Amri ya "whoami" humwambia anatumia jina na mamlaka ya nani. Amri ya "pwd" humwonyesha yumo katika saraka ipi. Amri hizo zote hazichukui sekunde tano.

Aidha, mamlaka makuu ya mtumiaji aitwaye "root" si vazi la kila siku. Root aweza kusoma kila faili, kubadili kila faili na kufuta kila faili. Yafaa msimamizi afanye kazi kwa jina lake mwenyewe, na inapolazimu aazime mamlaka kwa amri ya "sudo". Amri hiyo huandikwa daftarini pamoja na jina la aliyeitoa, na kesho yake hakuna atakayesingiziwa.

DISKI IMEJAA

Shida inayorudi mara nyingi kuliko zote ni ya diski kujaa. Programu hukataa kuhifadhi kazi, barua haziingii, na pengine mtumiaji hawezi hata kufungua ofisi yake. Msimamizi mwenye pupa hufuta faili kubwa la kwanza aonalo. Mwenye nidhamu huuliza kwanza.

Amri ya "df -h" huonyesha ni sehemu ipi ya diski iliyojaa. Amri ya "du -sh", ikielekezwa kwenye saraka moja baada ya nyingine, huonyesha nani amekula nafasi hiyo. Mara nyingi msafara huo huishia katika saraka ya /var/log, ambako programu huandika habari zake bila kupumzika. Dawa ya kudumu hapo ni kutumia "logrotate", programu inayofunga madaftari ya zamani, kuyabana, na kuyaondoa muda wake ukipita.

Lakini yapo mafumbo mawili yanayowashangaza wageni. La kwanza: faili limefutwa, nayo diski ingali imejaa. Sababu ni kwamba Unix hauachi nafasi ya faili maadamu ipo programu iliyolishika wazi. Jina limeondoka, mwili umebaki. Amri ya "lsof" itamtaja aliyelishika, na programu hiyo ikifungwa au kuanzishwa upya kwa utaratibu, nafasi hurudi. La pili: mfumo walalamika kwamba hakuna nafasi, ilhali "df -h" yaonyesha nafasi tele. Hapo tumia "df -i". Kila faili huhitaji kadi yake ya utambulisho, na katika mifumo mingi idadi ya kadi hizo huwekwa diski inapoandaliwa. Mafaili madogo madogo yakiwa mengi mno, kadi huisha kabla ya nafasi.

UMEKATALIWA RUHUSA

Lalamiko la pili kwa wingi ni la mtu kukataliwa kulifungua faili. Amri ya "ls -l" huonyesha herufi tisa zenye mafungu matatu: la mwenye faili, la kundi lake, na la watu wengine wote. Katika kila fungu, r ni kusoma, w ni kuandika, x ni kutekeleza. Faili lenye rw-r----- mwenyewe hulisoma na kuliandika, kundi hulisoma tu, na wengine hawaruhusiwi kitu.

Wapo wanaomaliza lalamiko hilo kwa kutoa ruhusa 777, yaani kila mtu na afanye apendavyo. Huko ni kuacha ghala la silaha wazi kwa sababu askari mmoja amesahau ufunguo. Lililo sawa ni kuuliza: mlalamikaji yumo katika kundi linalostahili? Faili ni mali ya nani? Na je, saraka zote za njiani zampa ruhusa ya kupita? Kwa saraka, herufi x ndiyo ruhusa ya kupita. Mara nyingi chumba ni wazi, lakini lango la nje ndilo lililofungwa.

DAFTARI NA SAA

Huduma ikisimama ghafla, kishawishi cha kwanza ni kuizima mashine na kuiwasha tena. Pengine itaamka, lakini chanzo kitabaki, nacho kitarudi. Fungua daftari kwanza. Katika mifumo mingi ya Linux, amri ya "journalctl" husoma kumbukumbu za mfumo, na "systemctl status" ikifuatwa na jina la huduma hueleza ilianguka lini na ilisema nini mwishoni. Tafuta kosa la kwanza. Mengi yanayofuata ni watoto wake. Kisha badilisha jambo moja, pima, andika ulichofanya. Ukibadilisha mambo matano kwa pamoja, hutajua lipi lililoponya na lipi lililozaa ugonjwa mpya.

Tazama pia saa kwa amri ya "date". Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Seva mbili zikipishana kwa dakika kumi, madaftari yake hayataafikiana, na mpelelezi hataweza kusema kwa hakika lipi lilitangulia. Kwa sababu hiyo mashine hulinganishwa na saa sahihi kupitia mtandao.

NAKALA AMBAYO HAIJAJARIBIWA

Turudi kwa GitLab. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala au kuzirudisha, lakini usiku wa haja hakuna hata moja iliyowafaa kama walivyotumaini. Nakala ya kila siku ilikuwa imeshindikana kwa sababu chombo kilichotumika kilikuwa cha toleo tofauti na la hifadhi yao. Mfumo ulituma barua za kuonya, nazo barua hizo zikakataliwa njiani kwa kukosa saini. Mlinzi alipiga kelele, lakini sauti haikufika kambini.

Walichookoka nacho ni picha ya diski iliyochukuliwa na mtu kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, kwa ajili ya majaribio tu. Kazi ya saa hizo sita haikupatikana tena: miradi ipatayo 5,000, maoni yapatayo 5,000 na akaunti mpya zipatazo 700 ziliguswa na hasara hiyo.

Hapana budi basi tukubali kwamba nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni tumaini tu. Chagua siku katika kila mwezi, irudishe nakala katika mashine ya pembeni, fungua majalada machache, uone kama yanasomeka. Bunduki hukaguliwa kabla ya vita, na mtungi wa kuzimia moto hukaguliwa kabla ya moto.

Hakuna katika haya yote jambo lililo geni kwa askari. Jitambue na utambue mahali ulipo, usivae cheo kikubwa kuliko kazi, soma daftari, toa amri moja, andika, kagua akiba. Wazee walisema mwenda pole hajikwai. Mbele ya mashine isiyojua kuuliza mara mbili, ni juu ya msimamizi kuuliza mara mbili.