Kiwanja cha Pwani Tulivu: Kabla ya Kutazama Bahari, Tuulize ni cha Nani



Masuala ya viwanja vya pwani yamekuwa mengi. Familia za Mjini zimechoka na msongamano, ndugu zetu walioko Oman na Uingereza wanataka pahala pa kurejea uzeeni, na vijana wanataka kujenga vijumba vya kukodisha wageni. Kila mmoja anatafuta pwani tulivu, Mtende, Michamvi au Makangale kule Pemba. Hilo si jambo la kulaumiwa. Mtume (S.A.W.) ameihesabu nyumba yenye wasaa na jirani mwema kuwa ni katika mambo yanayomfurahisha mtu hapa duniani. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huulizia upepo, mchanga na bei, na mwenye mali huulizwa mwisho, pengine baada ya pesa kutoka.

Suala lililotufanya tuandike ni hili. Familia moja imekubaliana na mtu wa kijiji kimoja cha kusini Unguja kuuziwa kiwanja chenye minazi, bei shilingi milioni 32, na wameshatoa milioni 5 za arabuni. Baadaye wakajua kwamba kiwanja kiliachwa na marehemu baba wa muuzaji, na hakijagaiwa. Mama yupo hai, na madada wawili wameolewa, mmoja yuko Pemba. Muuzaji anasema yeye ndiye mwanamme wa pekee na ndiye msimamizi. Je, wamalize biashara?

Jawabu ni kuwa kusimamia si kumiliki. Aya ya 7 ya Suratun Nisaa imewathibitishia wanawake fungu lao katika kilichoachwa na wazazi, kiwe kichache au kingi. Baada ya kulipa madeni na wasia wa marehemu, ikiwa warithi ni hao wanne tu, mali hugaiwa mafungu 32: mama anapata thumni, yaani mafungu 4, mwanamme 14, na kila binti 7. Kwa hiyo katika milioni 32 anazozitaka kaka huyu, zilizo zake ni milioni 14. Milioni 18 ni za mama na madada, na hakuna aliyewauliza.

Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa sana visiwani kwetu, ameeleza kuwa mwenye kuuza mali ya shirika bila ya idhini ya mwenzake, bei yake husihi katika fungu lake tu, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi, na katika fungu la wenziwe ni batili. Mnunuzi ambaye hakuwa akijua ana khiyari. Akitaka atavunja na kurejeshewa pesa zake zote. Akitaka ataridhia, lakini kwa fungu lile tu na kwa sehemu yake ya bei. Basi ile arabuni haiwi halali ya muuzaji kwa hoja kuwa mnunuzi amerudi nyuma.

Na hata akiridhia, bado kuna shufaa. Mtume (S.A.W.) amehukumu kuwa mshirika katika ardhi isiyogaiwa ana haki zaidi kuliko mgeni. Mama na madada wakipata habari kuwa fungu la kaka limeuzwa, wanaweza kulichukua kwa bei ile ile, kwa sharti waharakishe. Mnunuzi anayetaka utulivu hatoupata katika ardhi ambayo wenzake ndani yake hawajui kama yupo.

Tunaishauri familia hii isimamishe malipo, iwaombe warithi wote waende Mahkama ya Kadhi kuthibitisha mirathi, kisha imnunue kila mmoja fungu lake kwa ridhaa yake. Tunasema ridhaa, kwa sababu dada anayetia saini mbele ya kaka na wazee kwa kuona haya, au kwa kuogopa kukatwa udugu, hajaridhia. Wanachuoni wetu wamesema mali inayotolewa kwa kutiwa mtu haya ina hukumu ya iliyoporwa. Akizungumza naye mwanamke mwenziwe, faragha, kwa simu akiwa huko huko Pemba, ukweli utajulikana.

Asiyejali na akumbuke onyo la Mtume (S.A.W.) lililopokewa na Said bin Zayd, kuwa anayechukua shibiri ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni siku ya Kiama kutoka ardhi saba. Anazungumziwa mwenye shibiri moja. Vipi mwenye robo eka!

Pwani zetu zina haki nyengine ambazo hazionekani kwenye karatasi. Kwetu ni jambo la kawaida ardhi kuwa ya mtu na minazi kuwa ya mwengine, basi aliyenunua ardhi asidhani amenunua na miti. Baadhi ya mashamba ni wakfu wa msikiti au wa ukoo, na wakfu hauuzwi. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo ya kuulizwa. Pia kuna makaburi ya zamani yasiyo na alama. Kuna njia ambayo wavuvi huipita kwenda kwenye madau yao, na wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni akinamama, huipita maji yakipwa. Tumeona kuta zilizojengwa hadi mchangani, na mama mwenye gunia la mwani kichwani akalazimika kuzunguka mbali. Njia ya watu haizibwi kwa sababu mtu amenunua ubavuni mwake. Na jiwe la pwani ya mashariki ni la matumbawe, lina vitundu. Karo ikichimbwa ovyo uchafu hufika kwenye kisima cha jirani, na maji yakipigwa pampu kupita kiasi hugeuka chumvi. Kudhuriana kumekatazwa katika dini yetu, hata kama anayedhuru yumo ndani ya mipaka yake.

Kwa upande wa serikali, Sheria ya Ardhi ya 1992 imefanya ardhi yote ya Zanzibar kuwa ya umma, na mtu hupewa haki ya matumizi. Kwa hiyo karatasi ya mkono iliyoshuhudiwa na dalali haitoshi. Nendeni kwa Sheha, ulizeni majirani wa pande zote nne, kisha muende kwenye ofisi za ardhi. Ardhi za eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi zina masharti yake, msizinunue kwa maneno ya mtu. Kiwanja chenyewe kitazameni siku ya bamvua, maji yakijaa, si siku ya maji mafu.

Wanaotaka kujenga kwa ajili ya kukodisha, kodi ya nyumba ni chumo la halali. Lakini kumkodisha mtu ukijua atafungua baa ni kusaidiana katika dhambi, na hoja ya kuwa wewe umepokea kodi tu haikutoi. Lisemeni mwanzo na muliandike kwenye mkataba.

Kuhusu Zaka, kiwanja ulichokinunua ili ujenge na ukae hakina Zaka. Ulichokinunua kwa nia ya kukiuza kwa faida ni mali ya biashara, hukadiriwa thamani yake kila mwaka wa Kiislamu na hutolewa asilimia 2.5. Nyumba ya kukodisha yenyewe haitolewi Zaka; hutolewa katika pesa za kodi zilizobakia, zikifika nisabu na kupitiwa na mwaka.

Wallahu aalam.