"Ni" na "Ana": Aina za Uanachama Ndani ya Programu ya Klabu

Mama mmoja alifika kwenye geti la klabu ya michezo na begi lake la kuogelea. Alikuwa akiingia pale kwa miaka 22. Siku ile kadi ilikataa, na karani akamwambia kwa upole, "Samahani mama, mfumo haukutambui." Mumewe alikuwa amefariki wiki sita kabla. Mhasibu alipopata taarifa ya msiba aliifunga akaunti ya marehemu, kama utaratibu ulivyotaka. Kwa kubofya mara moja, mjane na watoto wake wawili wakatolewa klabuni pamoja na marehemu.

Niliitwa kuikagua programu ile, kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza programu za namna hiyo. Haikuwa na hitilafu yoyote. Ilifanya sawasawa na ilivyofundishwa, na hilo ndilo lililoniuma, maana aliyeifundisha ni fundi mwenzangu.

Ndani yake kulikuwa na jedwali moja la wanachama, kila mstari na mwanachama wake. Safu mojawapo iliitwa "Aina", imejazwa herufi: K kwa mwanachama kamili, F kwa familia, V kwa vijana, M kwa mwanachama wa maisha, H kwa wa heshima. Katika akaunti ya familia, mwenye mstari alikuwa mume. Mke aliandikwa kwenye safu ya "jina la mwenzi", na watoto kwenye "mtegemezi 1" na "mtegemezi 2". Mzazi mwenye watoto wanne aliwaandikisha wawili, na wengine wakatupwa kwenye sehemu ya maoni. Kompyuta haikumjua yule mama kama mtu. Ilimjua kama inavyoijua namba ya simu ya mumewe: maelezo yaliyobandikwa kwenye mstari wa mwingine, na mstari ukifungwa nayo yamekwenda.

Lugha yetu ina kipimo kizuri cha kulitazama jambo hili. Tunasema "Neema ni mzaliwa wa Dodoma", na tunasema "Neema ana baiskeli". Baiskeli itauzwa, itaibwa, itabadilishwa kwa nyingine, na Neema atabaki Neema. Anayekabidhiwa orodha ya aina za uanachama aanze kwa kujiuliza swali hilo: je, hapa tuna "ni" au tuna "ana"? Midomoni tunasema "huyu ni mwanachama wa familia", na mazoea hayo ya kusema ndiyo yanayotupotosha. Ukweli ni kwamba huyu ni mtu, na ana uanachama. Uanachama wenyewe ni makubaliano kati yake na klabu, yana siku ya kuanza na yatakuwa na siku ya kwisha.

Kishawishi cha kuchagua "ni" kina historia yake. Huko Oslo, Norwei, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni lugha ya kompyuta iitwayo Simula, na toleo lake la 1967 lilileta utaratibu ambao aina ndogo ya kitu hurithi sifa za aina kuu. Utaratibu huo ulienea karibu dunia nzima ya programu. Hadi leo mwanafunzi hufundishwa kwa mifano ya wanyama: paka ni mnyama, mbuzi ni mnyama. Mfano huo unakaa vizuri kwa sababu paka hageuki kuwa mbuzi. Mwanachama kijana, hata hivyo, hugeuka kuwa mtu mzima usiku mmoja, siku anapotimiza miaka 18. Katika lugha nyingi zilizofuata nyayo za Simula, kitu kikishaumbwa kuwa cha aina fulani hakihami. Kwa hiyo fundi humfuta kijana na kumuumba mtu mzima mpya. Malipo yake ya nyuma, nafasi yake kwenye foleni ya makabati, matokeo ya mashindano yake, vyote vinabaki kwa yule aliyefutwa. Nimemwona mchezaji wa skwoshi aliyejiunga akiwa na miaka 11, na alipotimiza 18 akadaiwa kiingilio kama mgeni aliyetoka barabarani.

Tabu ya pili ni kwamba neno "aina" limebebeshwa mzigo wa mambo ambayo hayana lazima ya kwenda pamoja: ada, haki ya kupiga kura, viwanja anavyoruhusiwa, saa za kuingia, idadi ya wageni anaoweza kuwaleta. Tuna mazoea ya kuyaona yakiongozana, tukadhani yamezaliwa pamoja. Tazama RB Leipzig ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 2009. Katika soka la nchi ile wanachama wa klabu hutakiwa kushika wingi wa kura, lakini kule Leipzig wenye kura ni watu wachache sana, na kando yao wako wanachama wafadhili wanaolipa ada bila kura. Wapenzi wengi wa soka wa Ujerumani wameulalamikia mpango huo kwa miaka, na mimi naona wana haki. Kwa fundi wa programu, hata hivyo, somo liko wazi: kulipa na kupiga kura ni vitu viwili, kila kimoja kinastahili safu yake. Programu inayokisia kuwa kila mlipaji ni mpiga kura itatoa daftari bovu siku ya mkutano mkuu.

Kanuni zenyewe nazo huhama. Klabu ya kriketi ya Marylebone, yenye makao yake Lord's jijini London, ilianzishwa mwaka 1787, na kwa zaidi ya karne mbili haikukubali mwanamke kuwa mwanachama. Februari 1998 wanachama walipiga kura, na waliotaka mabadiliko walikuwa wengi, ila hawakufika theluthi mbili zilizohitajika. Septemba mwaka huohuo zilifika, na mwaka uliofuata wanawake 10 wa kwanza wakapewa uanachama wa maisha wa heshima. Hebu fikiria programu iliyoandikwa miezi michache kabla, yenye sharti kwamba mwanachama ni mwanamume. Kanuni iliyokaa miaka 211 ingeonekana salama kabisa kuchongwa kwenye jiwe. Kanuni za klabu ziwekwe mahali ambapo katibu anaweza kuzibadilisha mkutano ukishaamua, bila kumwita fundi aje kuvunja ukuta.

Tuliporudi kwenye klabu ya yule mama, tuligawa jedwali moja kuwa manne. La kwanza ni la watu: jina, tarehe ya kuzaliwa, mawasiliano, basi. Mama, baba na kila mtoto ana mstari wake. La pili ni la mipango, yaani kile tulichozoea kukiita aina, na kila mpango una ada yake na haki zake zilizotajwa mojamoja. La tatu ni la uanachama wenyewe, linalounganisha mtu na mpango, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. La nne lilizua ubishi mrefu kamatini: walipaji. Mchezaji na mlipaji mara nyingi ni watu tofauti. Kampuni huwalipia wafanyakazi wake. Mjomba aliye Muscat huwalipia wapwa zake wa Dar es Salaam na hajawahi kukanyaga uwanja. Mlipaji akiondoka, klabu inapaswa kuuliza nani atalipa sasa. Haipaswi kumfungia mtu geti.

Kwa upande wa tarehe nina msimamo mkali. Usihifadhi umri, hifadhi tarehe ya kuzaliwa. Umri ulioandikwa leo mwakani ni uongo. Na usifute yaliyopita. Klabu ile ilikuwa na ada moja tu kwa kila aina, bila mwaka. Mkutano mkuu ulipopandisha ada, mweka hazina alibadilisha tarakimu ile, na kesho yake programu ikawadai watu wote nyongeza ya miaka iliyopita, hata waliokuwa na risiti mkononi. Ada ya 2019 ni ya 2019. Ibaki palepale, na ya mwaka mpya iandikwe chini yake pamoja na tarehe ya kuanza kutumika.

Nisieleweke kwamba kila klabu inahitaji haya yote. Klabu ya watu 60 wanaofahamiana kwa majina itatosheka na daftari na karani mwaminifu. Nimewaona pia mafundi waliopenda kanuni zote ziwe za kubadilishika, wakajenga ukurasa wenye vitufe mia ambao hakuna mweka hazina aliyethubutu kuugusa. Tena yapo mambo ambayo kompyuta isiyaamue. Tuliacha sehemu moja iitwayo "kwa uamuzi wa kamati", inayodai tarehe ya kikao na sababu, kwa ajili ya mgonjwa aliyesamehewa ada au kijana mwenye kipaji asiye na mzazi wa kumlipia.

Kuhamisha kumbukumbu za zamani kulichukua muda mrefu kuliko kuandika programu. Karani alileta fomu za karatasi kutoka kabatini, tukazisoma moja baada ya moja, tukiwatoa wenzi na watoto kwenye safu zao na kuwapa mistari. Ya yule mama tuliikuta siku ya tatu, wino umefifia, sahihi yake ikiwa kando ya sahihi ya mumewe. Karani aliandika tarehe ileile ya miaka 22 nyuma kwenye sehemu ya kuanza. Ya kwisha akaiacha wazi, kisha akanyanyua simu.