Gari Linapochemsha Mgunda Mkali

Kati ya Itigi na Tabora barabara inakata nchi ambayo misafara ya karne ya 19 iliijua kwa jina la Mgunda Mkali. Mpagazi aliyetoka pwani na mzigo wa vitambaa au shanga, akishaiacha Ugogo nyuma, alijua kwamba mpaka afike Tura, mlangoni mwa Unyamwezi, maji ni ya kubahatisha. Siku hizi pana lami, na anayetoka Dodoma alfajiri anaweza kula chakula cha mchana Chemchem, mjini Tabora. Ila vijiji bado vimeachana sana, na gari likichemsha huko katikati hakuna gereji ya kulikimbizia. Abiria wanashuka, boneti linafunguliwa, na ghafla kila mtu ni fundi.

Ukweli ni kwamba joto ndilo zao kuu la injini. Mwendo ni kama ziada. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu megajouli 33, na kwa kawaida ni robo hadi theluthi tu inayogeuka kuwa kazi ya kusukuma gari. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka na moshi. Nyingine, inayokaribia kulingana na ile iliyofanya kazi, huingia kwenye chuma cha injini na lazima maji yaiondoe. Chukua mlima wa kutoka bonde la Bahi hadi Manyoni, karibu mita 400 kwenda juu. Kulipandisha gari la tani moja na nusu kunadai karibu megajouli 6, na wakati huohuo maji ya rejeta yanabebeshwa joto la kiasi hichohicho, linalotosha kuchemsha ndoo ya lita 20. Gari dogo halina maji hata nusu ya ndoo hiyo. Linapona kwa sababu tu rejeta inalitupa joto hewani kwa kasi ileile linavyoingia. Vumbi, mbegu za nyasi na wadudu wakiziba mapezi ya rejeta, hesabu inavurugika. Na kiangazi upepo wa kanda ya kati huvuma zaidi kutoka mashariki, hivyo anayeelekea Tabora anausikia mgongoni, na rejeta yake inapata hewa pungufu kuliko kasi inayoonekana kwenye dashibodi.

Wapagazi nao walikuwa injini, tena si mbaya. Msuli wa binadamu hugeuza karibu robo ya nishati ya chakula kuwa kazi, sawa tu na injini ya petroli. Kinachobaki ni joto, na la kuliondoa ni jasho: lita moja ikikauka kwenye ngozi huondoka na megajouli 2.4. Mtu aliyebeba kilo 30 juani anaweza kutokwa na karibu lita nzima kwa saa. Ndiyo maana kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, aliwang'oa watu mapema alfajiri na kutafuta kambi kabla jua halijawa kali. Pasipo na maji ratiba iligeuzwa, wakaenda terekeza: watu walikunywa, wakaondoka mchana, wakalala porini bila kisima, wakakifikia kingine asubuhi ya pili. Njia nyingine za kubeba mizigo zilishindwa. Ng'ombe wa kukokota magari, waliojaribiwa na London Missionary Society katika miaka ya 1870, waliangamizwa na mbung'o, na tembo wanne walioletwa kutoka India mwaka 1879 kwa ajili ya safari ya Wabelgiji walikufa mmoja baada ya mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo dereva wa kutoka pwani halioni. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 300 za kupanda hushusha kiwango cha kuchemka kwa maji kwa takribani nyuzi 1. Sufuria ya Chemchem huchemka kwenye nyuzi 96. Wasafiri Waingereza Burton na Speke, waliofika Kaze, sehemu ya Tabora ya leo, Novemba 1857, walitumia kanuni hiyo kupimia urefu wa nchi: walichemsha maji na kusoma kipimajoto. Mwaka uliofuata kipimo chao kilisema Ziwa Tanganyika liko karibu mita 560 juu ya bahari, na kumbe ni karibu 770. Kosa lisilofika nyuzi 1 lilitosha kulizamisha ziwa zima kwa mita 200.

Watengenezaji wa magari wanakabiliana na jambo hili kwa kifuniko cha rejeta. Springi yake huubana mvuke mpaka shinikizo la ndani lizidi la nje kwa karibu kilopaskali 100, na maji yaliyobanwa hivyo hayachemki kabla ya nyuzi 115 hivi, hata huku juu. Kulanti ikichanganywa nusu kwa nusu na maji huongeza nyuzi nyingine kadhaa. Sasa mfikirie anayefungua kifuniko hicho injini ikiwa bado moto. Maji ya nyuzi 110 yanajikuta mahali ambapo mwisho wake ni 96. Sehemu yake inageuka mvuke papo hapo, na mvuke unadai nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji yaliyouzaa. Kilicho karibu ni uso wa mfunguaji.

Kwa hiyo mshale wa joto ukianza kupanda, zima kiyoyozi, punguza mwendo, fungua madirisha, kisha washa hita kwa nguvu zake zote. Abiria watalalamika na wana haki, lakini hita ni rejeta ya pili, ndogo, iliyofichwa chini ya dashibodi. Mshale ukiendelea kupanda, au mvuke ukionekana, simama na uzime injini. La kuogopwa zaidi ni mshale unaoshuka ghafla huku gari likipoteza nguvu. Kihisio chake kimetengenezwa kukaa ndani ya maji, na maji yakishakwisha kinabaki hewani na kusoma uongo. Speke angeelewa.

Kusubiri kunachukua nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike na ubonyee kwa urahisi. Hapo ndipo kifuniko kinafunguliwa kwa kitambaa kinene, taratibu. Asiyesubiri akamimina maji baridi kwenye chuma cha moto anaweza kukipasua. Hata bila maji baridi, madhara huanzia kwenye hedi. Magari mengi ya sasa yana hedi ya alumini, na mengi bado yana bloku ya chuma, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Hedi yenye urefu wa sentimita 45, ikizidisha joto kwa nyuzi 100, inataka kuipita bloku kwa nusu milimita. Vitabu vya ufundi mara nyingi huruhusu hedi ipinde milimita 0.05 tu. Gasketi iliyo katikati inasagwa, na ndipo tunaposikia kwamba gari limeunguza gasketi.

Rejeta ikivuja, porini watu wana dawa zao. Ute wa yai hufanya kazi kweli: protini yake huganda kwa joto na kuziba tundu dogo, ila huziba pia mirija myembamba ambayo ungependa ibaki wazi. Ni dawa ya kufika mjini, baada ya hapo rejeta isafishwe. Maji ya visima vya kanda ya kati mara nyingi yana chumvi; kwa dharura yatumie, halafu yamwagwe yote kabla hayajaacha ukoko ndani.

Ukifika Chemchem salama, sikiliza fundi atasema nini kuhusu thamostati. Wengi huing'oa na kuitupa kwa hoja kwamba ni ya nchi za baridi. Sikubaliani nao. Bila thamostati injini huchelewa kupata joto asubuhi, inakula petroli zaidi na kusagika mapema. Kwenye injini nyingi ndiyo pia inayofunga njia ya mkato. Ikitolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha palepale linapobeba mzigo. Mwambie akufungie nzima, na muijaribu kwanza ndani ya sufuria jikoni, na kipimajoto pembeni. Nta iliyomo ikianza kuyeyuka, kwa nyingi kwenye nyuzi 82 hivi, vali itafunguka mbele ya macho yenu. Isipofunguka mpaka maji yakatokota, basi hata kwenda Kwihara, hapo nje ya mji, msiende nayo.