Jeshi la Askari Mmoja: Roboti Wauaji katika Filamu za Fedha Kidogo

Mwaka 1954 watazamaji wa senema nchini Marekani waliletewa filamu iitwayo Target Earth, ambayo kisa chake ni cha jeshi la roboti kutoka sayari ya Zuhura, linaloshuka na kuuteka mji mkubwa hata wakazi wake wakahamishwa wote, isipokuwa watu wachache walioachwa nyuma. Na jeshi hilo, ukilitazama kwa makini tangu mwanzo hadi mwisho, lina askari mmoja tu. Mara huonekana amesimama pembeni mwa jengo, mara kivuli chake huonekana ukutani, kisha huonekana tena akiivuka njia nyingine, wala hakuna mahali ambapo wawili husimama pamoja, kwa kuwa fedha zilizokuwapo zilitosha kuunda vazi moja la roboti na kumtia mtu ndani yake. Barabara tupu nazo hazikugharimu kitu kikubwa, maana zilipigwa picha Los Angeles alfajiri, kabla watu hawajatoka majumbani. Lakini ajabu ni kwamba dakika za kwanza za filamu hiyo, ambamo mwanamke mmoja hutembea peke yake katika mji usio na sauti, zinatisha hata leo, ilhali roboti mwenyewe akishajitokeza humtia mtazamaji kicheko.

Aghalabu husemwa kwamba hadithi za roboti wauaji zimezaliwa na hofu ya mwanadamu mbele ya maarifa yake mwenyewe, yaani hofu kwamba kilichoundwa kitamgeukia aliyekiunda. Sikatai. Walakini hofu peke yake haielezi kwa nini roboti huyu wa filamu ana tabia alizo nazo: kwa nini hufanana na mtu, kwa nini hasemi, kwa nini huyafuata mawindo yake usiku katika majumba matupu, na kwa nini mara nyingi huja peke yake ingawa twaambiwa wenzake ni maelfu. Mambo hayo, kwa rai yangu, yamechongwa na ukata. Kama fundi cherehani aliyepewa kitambaa pungufu, ambaye hulazimika kubuni mshono ambao mwenye kitambaa tele asingeuwaza, ndivyo watengenezaji wa filamu za bei nafuu, na hasa wa filamu za televisheni, walivyolazimika kubuni adui anayeweza kulipiwa. Na adui huyo ndiye tunayemjua sote.

Jambo hili lilianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 11 Februari 1938, wakati televisheni ilipokuwa bado kitu kigeni hata kwa watu wa London, shirika la BBC lilirusha hewani moja kwa moja, kutoka Alexandra Palace, muhtasari wa dakika 35 wa tamthilia ya R.U.R. ya mwandishi wa Kicheki Karel Čapek, na onyesho hilo huhesabiwa kuwa hadithi ya kwanza ya kubuni ya kisayansi kuonyeshwa katika televisheni popote duniani. Kisa chake? Watumishi waliotengenezwa kiwandani wanaasi na kuwaua wanadamu. Roboti wa Čapek si wa chuma. Ni viumbe wa nyama ya kutengenezwa, wenye sura na viungo kama vyetu, na kwa hiyo mwigizaji hakuhitaji bati wala taa kichwani, bali uso usio na furaha wala huzuni na mwendo uliokazana. Televisheni basi ilipata tangu asubuhi yake adui asiye na gharama.

Ili kuyaelewa yaliyofuata, yafaa tujue jinsi filamu ya televisheni ilivyotengenezwa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 vituo vya Marekani vilitegemea filamu zilizokwisha kuonyeshwa katika senema, na mwaka 1964 kampuni ya Universal pamoja na kituo cha NBC zikaanza kutengeneza filamu zilizokusudiwa televisheni tangu awali. Mwaka 1969 kituo cha ABC kikaanzisha kipindi cha kila juma kilichompa mtazamaji filamu mpya kwa muda wa dakika 90, na ukiyaondoa matangazo ya biashara, kisa chenyewe kilibakiwa na dakika kama 74. Muda huo nao ulikatwa vipande, na kila kipande kilipaswa kukoma penye hatari, ili mtu asigeuze stesheni wakati sabuni ikisifiwa. Hadithi ya kuwindwa inaafikiana mno na desturi hiyo: adui hutokea, mtu mmoja hufa, waliobaki hukimbia, sabuni huingia, na baada ya sabuni adui yupo vile vile. Katika kipindi hicho hicho, mwaka 1971, kijana wa miaka 24 aitwaye Steven Spielberg alionyesha filamu yake Duel, ambayo ina lori kubwa chakavu linalomfukuza mtu barabarani bila sababu yoyote kutajwa; aliipiga kwa muda wa wiki mbili hivi, na uso wa dereva wa lori hauonekani kamwe. Si roboti, najua. Ila aliyeiona atakubali kwamba somo lote limo humo.

Miaka michache baadaye, Februari 1974, ABC ikaonyesha Killdozer!, filamu ambayo wengi huitaja ili waicheke, nami huitaja kwa heshima. Kisa chake kilitungwa na Theodore Sturgeon na kuchapishwa mwaka 1944 katika jarida la Astounding, na mtungaji aliyajua aliyoyaandika, kwa sababu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa ameendesha katapila katika visiwa vya Karibi. Katika filamu, wafanyakazi sita wamepelekwa katika kisiwa kilichoko mbali na pwani ya Afrika, wapasawazishe mahali kwa ajili ya kampuni ya mafuta; katapila lao linagonga jiwe ambalo kumbe ni kimondo kilichoanguka zamani, mwanga wa buluu unatoka jiweni na kuingia katika mashine, na tangu hapo katapila lina nia yake lenyewe, nayo si njema. Linawaua mmoja baada ya mwingine, hadi wawili waliosalia wanapolitega juu ya mabamba ya chuma yaliyotiwa umeme.

Wenye kucheka huuliza swali la haki: mashine nzito, yenye kelele, iendayo polepole, yawezaje kumnyemelea mtu? Na kwa kweli kuna mahali ambapo mtu husimama akiingoja imfikie, utadhani ana miadi nayo. Hata hivyo nadhani wacheshi hao wamelikosa jambo kubwa. Katapila la aina ya D9 si vazi wala si sanamu. Ni chuma halisi chenye uzito wa makumi ya tani, na kamera ikiwekwa chini, mbele ya bamba lake la kusukumia udongo, hakuna haja ya fundi wa madoido kumwambia mtazamaji aogope. Fauka ya hayo mashine hii haikutengenezewa filamu. Hukodishwa kwa siku, kisha hurudi kazini. Clint Walker, mwigizaji mwenye umbo la mbuyu, aliyezoea kuwa mkubwa kuliko kila aliyesimama karibu naye, hapa anaonekana mdogo, na udogo wake ndio filamu yenyewe.

Wakati huo huo upande wa senema mambo yalikuwa yakielekea huko huko. Michael Crichton, daktari aliyegeuka mtunzi, aliongoza kwanza filamu ya televisheni kwa ajili ya ABC mwaka 1972, na mwaka uliofuata akatoa Westworld, ambamo roboti wa burudani, aliyeigizwa na Yul Brynner katika nguo nyeusi zinazofanana na zile alizovaa katika filamu yake maarufu ya mwaka 1960 kuhusu wapiganaji saba, anaacha kutii na kuanza kuwawinda wageni. Crichton alitaka mtazamaji aone kwa macho ya roboti. Maabara ya Jet Propulsion, ambayo hushughulika na vyombo vya anga, ilimwambia kwamba dakika mbili tu za picha hizo zingechukua miezi tisa na kugharimu dola 200,000. Akaenda kwa John Whitney mdogo, ambaye kwa msaada wa kompyuta aliivunja picha kuwa miraba ya rangi, akaimaliza kazi kwa miezi minne na dola 20,000. Ndipo yakazaliwa macho ya mashine, ambayo tangu siku ile hakuna filamu ya roboti isiyoyaazima, kwani ni rahisi zaidi kuonyesha anachokiona roboti kuliko kumwonyesha roboti mwenyewe.

Hatimaye akaja James Cameron, mtoto wa karakana ya Roger Corman, bingwa wa filamu za fedha kidogo. The Terminator ya mwaka 1984 iligharimu dola milioni 6.4, kiasi ambacho Hollywood hukihesabu kuwa kidogo, na mpango wake wote ni wa mtu anayejua urefu wa mfuko wake: roboti anatoka katika mustakabali, lakini anakuja Los Angeles ya siku zile, kwenye magari na maduka ambayo hayakuhitaji kujengwa, amevaa ngozi ya mtu, hivyo kwa sehemu kubwa ya filamu huhitaji Arnold Schwarzenegger tu, tena Schwarzenegger asemaye maneno machache, na kiunzi cha chuma hutokea mwishoni, kiasi cha kutosha kumkosesha mtu usingizi. Wazo la muuaji wa kutoka kesho halikuwa jipya, kwa maana mwaka 1966 filamu duni iitwayo Cyborg 2087 ilikuwa imemrudisha nyuma mtu-mashine na wawindaji wawili nyuma yake. Tofauti ni ustadi, na ustadi haununuliwi.

Waliofuata walikuwa wengi, na wengi wao hawafai kutajwa. Kampuni ya Marekani iitwayo The Asylum, iliyoanzishwa mwaka 1997, iligundua kwamba yafaa kungoja filamu kubwa ikaribie kutoka, kisha kutoa nyingine yenye jina la kukaribiana nalo. Mwaka 2007, siku chache kabla ya Transformers kuingia senema, iliuza Transmorphers, ambamo wanadamu wamekimbilia chini ya ardhi na roboti wametawala juu. Mtu aliyekwisha kuyafahamu mambo haya atatambua mara moja kwamba chini ya ardhi ni giza, na giza halina gharama. Mwaka 2009 ikatoa The Terminators, na humo kuna jambo ambalo nalipenda kuliko filamu yenyewe: roboti wanaoishambulia dunia wote ni nakala za umbo moja, na kwa hiyo wote huigizwa na mwigizaji mmoja, Paul Logan. Kampuni hiyo ndiyo iliyokipa kituo cha Syfy filamu ya papa warukao katika tufani, mwaka 2013, iliyopata sifa kwa ubovu wake. Na tangu hapo, kwa bahati mbaya, ubovu wenyewe ukawa bidhaa. Mtu anayefanya vibaya makusudi hatupi kitu. Aliyejitahidi akashindwa, huyo ana la kutuonyesha.

Kwetu Afrika ya Mashariki filamu za namna hii ziliingia kwa kanda za video na baadaye kwa diski, zikaonyeshwa mabandani, na zikapewa sauti ya Kiswahili na watafsiri kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, ambao hawakutafsiri maneno tu bali walikisimulia kisa upya, kwa mizaha na majina ya mitaa. Roboti asiyesema ni zawadi kwa msimulizi wa banda. Hakuna mazungumzo ya kumbana, na kila sekunde ya ukimya wa mashine ni uwanja wake. Nina hakika zimo filamu zilizokuwa baridi kwao Marekani ambazo zilipata uhai hapa kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2017 zilitoka kazi mbili fupi zilizoigeuza mizani. Metalhead, katika mfululizo wa Black Mirror wa Uingereza, ina dakika 41, rangi nyeusi na nyeupe, mwanamke mmoja, na mashine ya miguu minne inayomfukuza. Mtunzi wake, Charlie Brooker, katika rasimu ya awali alikuwa ameweka mtu anayeiongoza mashine kutoka nyumbani kwake, kisha akamfuta. Nyingine ni Slaughterbots, ya dakika zisizozidi nane, iliyohusishwa na mwanasayansi Stuart Russell na kuonyeshwa Geneva mwezi Novemba katika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya silaha. Muuaji wa humo ni kijidege cha kutoshea kiganjani, hakina uso wala macho mekundu, na safari hii si filamu iliyo rahisi, bali ni silaha yenyewe. Dhidi ya adui wa namna hiyo ile mbinu ya ngozi ya mtu haina kazi, na sijaona bado mtengenezaji wa filamu za televisheni aliyeupata mshono mwingine.

Anayetaka kuanza, aanze na Killdozer!, ambayo haimpotezei mtu hata saa moja na nusu, kisha aione Westworld. Transmorphers aiache, sauti na midomo haviendi pamoja, na giza lake halifichi kitu.