Sita bila za 1977 nusura zitutoe ngeu!

Ukitaka ugomvi Mtaa wa Msimbazi, taja 1977. Juzi kijiweni, jirani na klabu yangu Simba, mzee mmoja wa Yanga alitupasha: "Sita bila mliifunga nusu timu. Viongozi wetu walitibuana, mastaa wakaenda kuanzisha Pan African."

Wee! Kijiwe kikachafuka. Kibadeni alitupia tatu peke yake, nazo za mgogoro? Kashata zikamwagika, watu wakakabana mashati.

Mimi Mnyama damu, lakini moyoni nilijua mzee kasema kweli. Kuondokewa na staa nakujua: Okwi alipotua Jangwani mwaka 2013 si nililia? Ila kumtetea mbele ya wenzangu, thubutu! Nilimlipia kahawa kimyakimya. Akanitazama: "Mjukuu wangu, na zile tano za Novemba 2023 utasingizia nini?"