Kafeini na Kipandauso: Msaidizi wa Dawa, Si Dawa Yenyewe

Wenye kipandauso wengi, kichwa kikianza kugonga upande mmoja, hukimbilia kahawa nyeusi kabla ya kidonge. Sisi wafamasia huulizwa mara kwa mara kama kuna maana yoyote hapo. Maana ipo, mradi kafeini iende pamoja na dawa ya maumivu, na iwe kwa siku chache za mwezi.

Kipandauso kisipotibiwa huweza kumshika mtu kwa muda wa saa 4 hadi 72, pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga na kelele. Shambulio linapoanza, adenosini huongezeka katika damu. Kemikali hii hutengenezwa na mwili wenyewe. Ndiyo inayotuletea usingizi baada ya kutwa ya kazi, na pia hutanua mishipa ya damu ya ubongo. Umbo la kafeini linakaribiana na la adenosini, kwa hiyo huviwahi vipokezi vyake kama abiria anayewahi kiti cha daladala: adenosini ikifika inakuta pameshakaliwa. Mishipa hubana kidogo. Zamani madaktari waliamini kutanuka kwa mishipa ndiko chanzo cha maumivu yote. Leo tunajua neva za uso na ubongo zina sehemu kubwa zaidi, ndiyo sababu kahawa peke yake mara nyingi haitoshi.

Kuna kazi nyingine ambayo haizungumzwi sana. Wakati wa kipandauso tumbo huzembea, na kidonge hukaa humo bila kufika kinakotakiwa. Kafeini huharakisha kufyonzwa kwa baadhi ya dawa, na kwa sababu hiyo ilichanganywa tangu zamani na ergotamini, dawa kongwe ya ugonjwa huu.

Ushahidi wa faida ya kafeini si wa kusadikika tu. Mwaka 1998 Marekani yalichapishwa matokeo ya majaribio matatu yaliyohusisha watu 1,220. Waliotibiwa walipewa parasetamoli miligramu 500, aspirini 500 na kafeini 130. Wenzao walipewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya saa mbili, asilimia 59 ya waliopata dawa walikuwa na maumivu madogo au hawakuwa nayo kabisa, dhidi ya asilimia 33 ya wenzao. Ila wagonjwa ambao kwa kawaida mashambulio huwalaza kitandani au huwatapisha hawakuingizwa, na hao ndio wanaoteseka zaidi. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya majaribio ya tiba, nao ulionyesha kuwa kuongeza kafeini ya miligramu 100 au zaidi kwenye dawa ya kawaida huwapa nafuu nzuri watu 5 hadi 10 zaidi katika kila 100. Ni faida ndogo, lakini ni ya kweli.

Kinachonitia wasiwasi ni mazoea. Panadol Extra, kwa mfano, ina kafeini miligramu 65 katika kila kidonge, na wengi huimeza bila kujua. Anayetumia vidonge vya mchanganyiko siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, hujitengenezea maumivu mapya yanayoletwa na dawa hiyohiyo. Vilevile, aliyezoea zaidi ya miligramu 200 za kafeini kila siku akikatisha ghafla, kichwa humuuma ndani ya saa 24. Wanywaji wa kahawa wanaofunga wanaijua hali hiyo katika siku za mwanzo za Ramadhani. Afadhali kupunguza taratibu wiki moja au mbili kabla ya mfungo.

Mwenye vidonda vya tumbo aepuke mchanganyiko wenye aspirini, na mtoto wa chini ya miaka 16 asipewe. Mjamzito asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, na dawa yoyote ya kichwa aulize kwanza kliniki.

Kama kipandauso ni chako, weka alama kwenye kalenda kila siku unayomeza dawa. Zikikaribia 10 kwa mwezi, nenda kwa daktari ukazungumzie dawa za kuzuia mashambulio. Na maumivu yakikupiga ghafla na kwa ukali kuliko yote uliyowahi kuyapata, au yakija na homa, shingo kukakamaa au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, usinywe kahawa wala usisubiri: nenda hospitali saa hiyohiyo.